Mji wa Kale wa Mombasa: Mambo ya kutazama kwa mgeni kutoka Eastlands

Kila Desemba inapokaribia, mabasi yanayoelekea Pwani hujaa pomoni. Familia kutoka Umoja, Buruburu, Kayole na Jericho hufunga virago zikashika njia ya kuteremka baharini. Nyingi huishia Bamburi, katika ufuo wa umma ambao wenyeji huuita Pirates. Watoto huogelea, hupandishwa ngamia, hupigwa picha, kisha safari ya kurejea Nairobi huanza.

Mji wa Kale hautajwi kabisa. Wengine huupita kwa mbali wakiwa ndani ya matatu, wakiamini kwamba zile kuta na vichochoro ni vitu vya kutazamwa na watalii kutoka Ulaya.

Dhana hiyo ina kasoro. Mgeni anayetoka Eastlands anao ufunguo wa kuuelewa mji huo ambao mtalii wa Ulaya hana, kwa sababu sehemu ya mtaa wake mwenyewe ina asili huko. Majengo ya Pumwani ina mwenzake, Majengo ya Mombasa. Makadara ipo kando ya Barabara ya Jogoo, na Makadara nyingine ipo hatua chache kutoka Mji wa Kale. Kaloleni ni mtaa wa Nairobi, na vilevile ni mji katika Kaunti ya Kilifi.

Wala uhusiano huo si wa majina peke yake. Serikali ya kikoloni ilipotenga Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao rasmi ya Waafrika mjini Nairobi, waliopewa viwanja Majengo walijijengea nyumba kwa mtindo wa Waswahili: mlango mmoja wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na ua kwa nyuma palipo na jiko na choo. Kuta zilikuwa za fito na udongo. Waislamu wenye asili ya Pwani walikuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo, na ndiyo sababu Msikiti wa Riyadha ungali kitovu cha maisha ya Majengo hadi leo.

Kwa hivyo, anayetoka huko akazuru Mji wa Kale huenda kutazama shina la mti ambao tawi lake amelizoea tangu utotoni. Makala haya yanaeleza apitie wapi, atazame nini, na aulize maswali gani.

Njia ya kwenda

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kazi mwaka 2017, huondoka Syokimau na kufika Miritini baada ya saa tano au sita. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024. Mkazi wa Eastlands ana nafuu moja: reli ya abiria inayotoka katikati ya jiji kwenda Syokimau hupitia Makadara na Imara Daima, hivyo hana haja ya kurudi nyuma mjini ili aende mbele.

Hata hivyo, Miritini si mjini. Kutoka kituoni hadi kisiwani ni mwendo mwingine wa matatu, na msongamano wa jioni huweza kummaliza msafiri nguvu alizobakisha.

Basi huchukua saa nane au zaidi, lakini sifa yake ni kwamba humshusha abiria Mwembe Tayari, kisiwani kwenyewe. Karibu na hapo, kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta, pana mnara wa askari uliojengwa kuwakumbuka Waafrika waliohudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya mwaka 1914 na 1918. Anayeishi Kariokor anafaa kusimama hapo kidogo, kwani jina la mtaa wake ni matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita hivyo hivyo. Maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao.

Zile pembe kubwa za ndovu zinazokatiza Barabara ya Moi, ambazo kila mgeni hukimbilia kupigwa picha chini yake, ni za bati. Zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ugeni wa familia ya kifalme ya Uingereza. Piga picha yako, kisha uendelee na safari.

Ngomeni

Ziara ya Mji wa Kale huanzia Fort Jesus, au Ngomeni kama wenyeji wanavyopaita. Ni vyema kufika asubuhi mapema, kabla jua halijaanza kuchoma mawe. Mkenya na abebe kitambulisho chake, kwa kuwa Makavazi ya Kitaifa humtoza raia ada ndogo kuliko ya mgeni wa nje, na malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia mtandao wa eCitizen.

Wareno waliianza ngome hii mwaka 1593 na kuimaliza mwaka 1596. Aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milan, mhandisi wa Mfalme Philip wa Pili aliyetawala Uhispania na Ureno kwa wakati mmoja. Hapa ndipo Bahari ya Mediterania inapokutana na Bahari Hindi bila ya maji yake kugusana.

Wajenzi wa Italia wa karne ile walikuwa wamejifunza kwa uchungu kwamba kuta ndefu na nyembamba za zamani hazistahimili mizinga. Wakaziacha. Badala yake walijenga kuta nene, zenye pembe kubwa zilizochomoza nje, ili mlinzi aliye katika pembe moja aweze kumlenga adui anayejificha chini ya pembe ya pili. Waliamini pia kwamba ukamilifu wa vipimo hupatikana katika mwili wa binadamu. Ndiyo maana ngome hii ikitazamwa kutoka juu hufanana na mtu aliyelala chali, mwenye kichwa, mikono na miguu.

Shirika la UNESCO liliiorodhesha Fort Jesus kuwa turathi ya dunia mwaka 2011. Wengi hudhani heshima hiyo ni ya mji mzima. La hasha. Ni ya ngome. Mji wa Kale wenyewe unalindwa na sheria za humu nchini tu, jambo ambalo tutalirejelea.

Ndani ya ngome, mgeni asikubali kuzungushwa mbio mbio kutoka mzinga mmoja hadi mwingine. Aulize habari za Yusuf bin Hasan.

Yusuf alikuwa mwana wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno, naye mtoto akapelekwa Goa, nchini India, akalelewa na mapadri na kubatizwa kwa jina Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 Wareno walimrudisha Mombasa awe mfalme, wakitarajia kwamba kijana waliyemlea wenyewe angewatii.

Alivumilia miaka mitano ya dharau. Agosti 1631 aliingia ngomeni na wafuasi wake, akamuua kapteni wa Wareno kwa mkono wake na kuutwaa mji wote. Alirudia dini ya wazee wake. Msafara uliotumwa kutoka Goa kumwadhibu ulishindwa kuiteka ngome. Hata hivyo, mwaka 1632 aliondoka mwenyewe kwa merikebu na kuishi kama haramia wa baharini hadi alipofariki mwaka 1638. Juu ya lango pana maandishi ya Kireno ya mwaka 1635 yaliyochongwa na kapteni aliyekuja baadaye, akijigamba jinsi alivyoiadhibu miji ya pwani. Wageni wengi hupita chini ya mchongo huo bila kuinua macho.

Kisha kuna mzingiro mkuu. Waomani waliizunguka ngome Machi 1696 na hawakuondoka hadi ilipoanguka Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno wachache pamoja na Waswahili waliowaunga mkono, wake kwa waume. Wengi wao hawakuuawa na risasi bali na maradhi. Merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, ilikuja kuwaokoa, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapigambizi waliichunguza katika miaka ya 1970, na vitu vilivyotolewa humo vinaonyeshwa katika makavazi.

Usiache kuitazama michoro iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno: merikebu, samaki na watu. Ni kazi ya vijana waliokuwa mbali na kwao, wasiokuwa na la kufanya, wakaokota makaa na udongo mwekundu. Aliyewahi kuona kuta za vichochoro vya Eastlands atawaelewa mara moja.

Waingereza nao waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Makavazi yalifunguliwa mwaka 1960.

Ukitoka langoni, vuka barabara utafute makaburi ya ukoo wa Mazrui. Watu wa ukoo huo waliitawala Mombasa kwa karibu karne nzima hadi Seyyid Said alipowashinda mwaka 1837, na ndio waliokuwapo madarakani Muyaka bin Haji alipokuwa akitunga mashairi yake ambayo wanafunzi wangali wanayasoma. Profesa Ali Mazrui, aliyefariki Marekani Oktoba 2014, aliletwa akazikwa hapo, kama alivyousia. Hapa si pahali pa kelele.

Ndia Kuu na vichochoro vyake

Kutoka ngomeni barabara nyembamba huingia mjini. Inaitwa Ndia Kuu, na yeyote anayedhani kwamba mwandika kibao alikosea ajue kuwa katika Kimvita, lahaja ya wenyeji wa Mombasa, njia huitwa ndia. Padri Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno ya lahaja hiyo katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Lakini mkutano wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa. Wamvita walinyimwa ushindi nyumbani kwao, na wapo wazee ambao bado hawajasamehe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ndogo zilitandazwa katika barabara za mji huu, na mabwana walikaa juu ya vigari vilivyosukumwa na wanaume wawili wawili mbio. Wakati huo Mombasa ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza, kabla ya Nairobi kuunyakua ukubwa huo mwaka 1905. Ile reli kubwa ya kwenda bara, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ndiyo iliyozaa jiji letu na mitaa ya wafanyakazi wake kama Muthurwa na Makongeni. Ndiyo pia iliyoupokonya Mji wa Kale biashara, kwani meli kubwa zilihamia Kilindini.

Msikiti wa Mandhry hauna budi kuonekana. Unakadiriwa kujengwa mwaka 1570 hivi, zaidi ya miaka 20 kabla ya ngome, na mnara wake mweupe, mpana chini na mwembamba juu, haufanani na minara ya misikiti ya siku hizi. Uislamu Mombasa ni wa zamani kuliko hata msikiti huo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita mwaka 1331, aliandika kuhusu wacha Mungu wa kisiwani na misikiti yao iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi, na kwamba chakula chao kikuu kilikuwa ndizi na samaki. Si vyema kwa mgeni kuingia msikitini bila idhini. Nje panatosha.

Mbele kidogo ni Leven House, nyumba iliyopata jina lake kutokana na meli ya Kiingereza ya miaka ya 1820. Wamishonari Krapf na Rebmann walikaa humo, na baadaye ikawa ofisi ya ubalozi wa Ujerumani. Ngazi zilizochongwa kupitia mwambani huteremka kutoka hapo hadi ukingoni mwa maji, palipokuwa na kisima walichojazia mabaharia mapipa yao.

Bandari ya Kale iko chini yake. Majahazi hayafiki kwa wingi kama zamani, lakini bado hufika. Hilo ni eneo la kazi na la ulinzi. Asiyeomba ruhusa asitoe kamera.

Jinsi ya kuisoma nyumba

Sasa mgeni wetu na asimame mbele ya nyumba yoyote nzee na kuinua macho. Mabaraza ya ghorofani yaliyochomoza juu ya njia, yenye nakshi za mbao, si ya kale kama anavyoweza kufikiri. Mengi ni ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati wafanyabiashara kutoka India walipojenga maduka chini na makao juu. Mlango mzito uliochongwa, ukuta wa matumbawe na chokaa, na dari ya boriti ni mambo ya zamani zaidi katika ujenzi wa Pwani.

Boriti hizo ni za mikoko, nazo ndizo zilizoamua umbo la vyumba. Mkoko ulionyooka na wenye nguvu za kubeba dari ya mawe hauwi mrefu sana, hivyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba kongwe za mawe ni virefu na vyembamba. Fundi hakuchagua; msitu ulimchagulia.

Wembamba wa vichochoro nao una hekima yake. Nyumba zikikaribiana, moja huitilia nyingine kivuli, na upepo wa baharini husukumwa katikati kama maji ndani ya bomba. Mchana wa Februari, joto likiwa limepamba moto, tofauti kati ya barabara pana ya Digo na kichochoro cha Kibokoni huhisiwa kwa ngozi.

Kisha kuna baraza, lile benchi la mawe au saruji lililoshikamana na ukuta wa mbele. Mgeni wa kiume hukaribishwa hapo, akanywa kahawa, akazungumza, bila ya kuvuruga faragha ya walio ndani. Nyumba za Majengo ya Nairobi zilibeba desturi hiyo hadi bara, kilomita zaidi ya 400 kutoka baharini.

Mji huu haukusalia hivi kwa bahati. Ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sheria ya turathi ya mwaka 2006 iliupa ulinzi zaidi. Anayetaka kubadilisha sura ya nyumba yake ndani ya mipaka hiyo anapaswa kupata kibali cha wahifadhi.

Hapo ndipo penye mvutano. Nyumba nyingi zina warithi wengi, wengine wakiwa Uarabuni au Uingereza, na hakuna mmoja aliye tayari kugharimia paa ambalo faida yake itagawanywa kwa watu 15. Nyingine ni wakfu. Boriti, chokaa na fundi anayejua kuvitumia ni ghali kuliko saruji. Matokeo huonekana: nyumba moja imepakwa rangi vizuri, jirani yake imeegemezwa magogo, na ya tatu imebaki kiwanja kinachoota nyasi. Bahari nayo haijalala. Mawimbi yalipoanza kuumega mwamba chini ya Fort Jesus, serikali ililazimika kujenga ukuta wa kuyazuia mwishoni mwa miaka ya 2010.

Mkazi wa Eastlands hawezi kuyasikia haya kama hadithi ya watu wengine. Mpango wa Kaunti ya Nairobi wa kuifanya upya mitaa yake mikongwe umewahi kuitaja Bahati, Maringo, Jericho, Lumumba na Ziwani. Nyumba fupi zinaondoka, maghorofa yanapanda. Hatusemi kwamba mabomba yanayovuja ya miaka ya 1950 yahifadhiwe kwa jina la historia, wala kwamba familia ya watu saba ibanwe katika chumba kimoja ili watalii wafurahi. Watu wanahitaji nyumba.

Lakini tofauti iliyopo ni hii. Mombasa, kabla ya ukuta kubomolewa, kuna afisa anayepaswa kuulizwa, na kuna ramani inayoonyesha kilichopo. Katika sehemu kubwa ya Eastlands hakuna anayeulizwa. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 ikiwa na viwanja vya wazi na ukumbi wa jamii ambamo wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru walihutubia, lakini ni watoto wangapi wa Kaloleni waliowahi kuzungushwa mtaani mwao na kuelezwa hivyo? Anayetembezwa Ndia Kuu na kijana wa Kibokoni anayeijua kila nyumba ni ya nani hurudi kwao na swali hilo.

Adabu, chakula na soko

Mji wa Kale ni maskani ya watu. Nguo za ufuoni ziachwe ufuoni. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Salimu kabla ya kuuliza njia. Usimpige mtu picha, hasa mama aliyevaa buibui, bila ya kumwomba. Ukichukua mtembezaji, mwombe kitambulisho cha kazi na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza, maana mapatano ya mwisho wa safari huzaa ugomvi.

Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na kula njiani ni kukosa heshima. Lakini jioni yake, baada ya adhana ya magharibi, ndiyo saa nzuri kuliko zote. Viazi karai, bajia, kachri, mishikaki na tambi hupangwa juu ya meza barabarani, na ukwaju hauishi. Miezi mingine, kiamshakinywa cha mahamri na mbaazi za nazi humtosha mtu hadi alasiri. Jioni muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe vyake. Kahawa ni chungu, ya tangawizi, na huliwa pamoja na kashata au halua.

Mwenye kutaka zawadi aende Mtaa wa Biashara, panapouzwa leso. Asome maandishi kabla ya kununua. Leso husema, na si kila neno linamfaa mama mkwe.

Ukimwambia rafiki wa Nairobi kwamba ulikuwa Marikiti, atadhani ulienda Wakulima kununua viazi. Marikiti ya Mombasa ni lile soko la kando ya Barabara ya Digo, lenye harufu ya iliki, karafuu na mdalasini. Muuzaji akikutambua kuwa wa bara atapandisha bei kidogo. Zungumza naye kwa utaratibu, ucheke, naye atashusha.

Kengele ya Frere Town

Anayebakiwa na nusu siku avuke daraja la Nyali aingie bara, ashuke Kengeleni. Pahali hapo pana kengele iliyotundikwa chini ya tao dogo kando ya barabara, nayo ndiyo iliyopapa jina. Hapa ndipo Wamishonari wa Kianglikana walipoanzisha makao ya Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa kutoka majahazi. Kengele ilipigwa kuwaonya walowezi hao kila wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia.

Abiria wa matatu hupita hapo kila siku bila kugeuza shingo. Kwa mtu wa Eastlands, hata hivyo, tao hilo lina jina analolijua. Mtaa wa Mbotela, ulio karibu na Makongeni, uliitwa hivyo kwa kumbukumbu ya Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi Novemba 1952. Ukoo wake ulitoka Frere Town. James Mbotela wa ukoo huo ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotolewa mwaka 1934 kuhusu wazee waliofunguliwa minyororo. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alizaliwa huko huko.

Kengeleni hakuna ada ya kuingia wala lango. Kengele inaonekana ukiwa umesimama kando ya njia, na matatu za kurudi mjini hupita hapo kila baada ya dakika chache hadi usiku.